Upepo Ulitoka Kusini

Jaak alirudi peke yake, tena alirudi na boti.

Hilo la boti ndilo lililomkwama Madli kooni tangu mwanzo. Asubuhi hiyo alikuwa ufukweni na mama mkwe wake, Leenu, wakipakia mwani mkavu wa kurutubishia shamba la viazi. Mara Leenu akaacha uma wake na kukinga macho kwa kiganja. Mbali kule, juu ya barafu ya mwezi wa nne iliyokuwa imegeuka rangi kama maziwa yaliyotiwa majivu, kidoa cheusi kilikuwa kinasogea.

"Ndio wao," Leenu akasema. "Boti yetu ile. Jaak anavuta, Mihkel anasukuma nyuma."

Madli alitazama kwa muda. "Mama, nyuma hakuna mtu."

"Macho yako yameumizwa na jua, mwanangu."

"Huenda, mama."

Kila mwaka, baridi inapoanza kuachia, wanaume wa kisiwa cha Kihnu walikuwa wakitoka kuwinda sili kwenye ukingo wa barafu, huko inakokutana na bahari wazi. Walikwenda wawili wawili, na kila wawili waliburuta boti nyepesi iliyopigwa vyuma chini, ya kuteleza palipo na barafu na ya kupiga kasia palipo na maji. Barafu ya majira hayo haina ahadi. Asubuhi inabeba farasi na mchana haibebi paka. Anayebaki karibu na boti ndiye mwenye kushika uhai wa mwenzake.

Jaak alipofika mchangani, kamba bado begani, alipiga magoti kama mtu aliyekatwa mishipa. Midomo ilikuwa imepasuka. Leenu alimshika mabega akamtikisa.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Barafu imemchukua, mama."

Leenu alipiga yowe lililowatoa watu majumbani. Wanawake walikuja mbio, sketi zao za mistari myekundu zikipepea, wakamzunguka mama yule na kilio chake. Madli hakulia. Alisimama palepale akimtazama shemeji yake, na macho yake yakashuka hadi kwenye mkono ulioshika kamba. Chini ya koti la Jaak kulikuwa na sweta, na upindo wa sweta ile ulichungulia kidogo tu: bluu, nyeupe, kisha mstari mwekundu uliopinda pale ambapo mfumaji alikosea na hakufumua.

Mkosaji alikuwa yeye mwenyewe. Sweta ile aliifuma kwa mikono yake, na aliyeivaa siku ya kuondoka alikuwa mumewe.

*

Kwa siku kadhaa nyumba ilijaa watu, mkate mweusi, samaki wa chumvi na pole. Jaak aliwaeleza wanaume habari ile mara moja, wakatikisa vichwa, wakavuta viko vyao, wakaondoka. Madli alisubiri mpaka nyumba ikatulia. Leenu alipokwenda zizini, aliweka bakuli la viazi mbele ya shemeji yake na kukaa upande wa pili wa meza.

"Haya, shemeji. Ilikuwaje?"

"Nimeshasema."

"Uliwaambia wanaume. Mimi hujaniambia."

Jaak alimenya kiazi taratibu, macho yakiwa kwenye kiazi. "Ilikuwa siku ile ya ukungu. Ukungu mzito, hata mkono wako huuoni. Yeye alikuwa mbele na bunduki, mimi nyuma na boti. Nikasikia mlio kama mti unapasuka. Ufa ukafunguka kati yetu, kipande chake kikachukuliwa kusini, bahari kuu."

"Ulimwita?"

"Nilimwita."

"Akaitika?"

"Aliitika. Halafu hakuitika tena."

"Na boti ulikuwa nayo."

"Uji wa barafu, shemeji. Haupigiki kasia, haukanyagiki. Ungefanyaje wewe?"

"Sijui ningefanyaje. Sweta ya Mihkel iko wapi?"

Kisu kilisimama kwenye kiazi. "Sweta gani?"

"Uliyoivaa siku uliyorudi."

"Niliyovaa ni yangu. Mama alinifumia." Akafungua kifua cha koti kumwonyesha, na kweli safari hii ilikuwa ni yake, yenye mistari iliyonyooka ya mkono wa Leenu. "Una uchungu, shemeji. Uchungu unamfanya mtu aone mambo."

Madli aliondoa bakuli. Kila jibu alilopewa lilikuwa na mahali pake, kama mawe ya ukuta uliojengwa na fundi. Hilo ndilo lililomtisha. Jaak aliyemjua hakuwa mtu wa kupanga maneno. Alikuwa akianza habari katikati, anarudi mwanzo, anasahau mwisho.

Usiku ule barafu iliganda upya, kesho yake mvua ikanyesha, mchana jua likatoka, jioni theluji ikaanguka juu ya maua ya kwanza. Hali ya hewa ilikuwa kama mtu anayebadili kauli kila akiulizwa. Na katika kuiwaza hali hiyo ya hewa, Madli akiwa amechuchumaa anakamua ng'ombe, kitu kilimgonga kichwani hata akaacha kukamua.

Siku ya ukungu.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Ilikuwa moja tu. Kabla yake kulikuwa kweupe na baridi kali, baada yake kukaja manyunyu ya theluji. Siku ile ya ukungu yeye na Leenu walitoka mbio kuhamisha nyavu, maana upepo wa kusini ulikuwa unasukuma barafu kuileta nchi kavu. Ilipanda ufukweni kwa kishindo, vipande kwa vipande, vikipandana kama kondoo wanaogombea mlango, ikavunja ukuta wa banda la jirani yao Kusti. Rundo lenyewe lilikuwa bado liko pale, linatiririka maji.

Ikiwa upepo ulitoka kusini, ukasukuma barafu yote kuja kisiwani, kipande cha Mihkel kiliendaje kusini?

Aliacha ndoo palepale akaenda kwa Kusti. Mzee huyo alikuwa mwindaji tangu ujana, na sasa alikuwa anapigilia mbao mpya kwenye banda lake.

"Baba Kusti, siku barafu ilipovunja banda hili, upepo ulitoka wapi?"

"Kusini. Si unaona mwenyewe ukuta ulioangushwa?"

"Na barafu inaweza kupasuka siku hiyo ikaenda kusini?"

Kusti alitoa msumari mdomoni. "Baharini mambo ni mengi, binti."

"Mambo gani?"

"Kuna mikondo."

"Mkondo wa kushinda upepo ulioleta barafu mpaka mlangoni kwako?"

"Sikiliza, Madli. Mtu akirudi kutoka barafuni, sisi hatumuulizi mara mbili. Leo kwake, kesho kwangu. Nenda nyumbani ukamlilie mumeo."

"Kwa hiyo na nyie mnajua anasema uongo."

"Mimi najua banda langu limevunjika," Kusti akasema, akarudisha msumari mdomoni.

*

Tangu hapo Madli hakumwamini mtu. Wanaume wakinong'ona bandarini, aliona wananong'ona kwa ajili yake. Wakinyamaza alipopita, aliona ni yaleyale. Mlango wa chumba alichokuwa akilala na Leenu aliufunga kwa komeo, na chini ya mto aliweka mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo.

Jaak naye alizidisha wema. Alipasua kuni hata zikajaa mpaka dirishani. Alichota maji kabla hawajaamka. Alitengeneza bawaba, akanoa visu, akabeba mwani wote shambani peke yake. Lakini hakumtazama Madli usoni, hata mara moja. Madli alizikumbuka dansi za ujana wao, kabla hajaolewa, jinsi Jaak alivyokuwa akimletea samaki mkubwa akamwacha mlangoni na kukimbia, na jinsi alivyokunywa hata akaanguka siku ya harusi. Wakati ule walicheka. Sasa hakuona la kuchekesha.

Leenu alitoa sandukuni sketi ya bluu nzito, isiyo na hata uzi mwekundu, aliyoivaa alipofiwa na mumewe. Akaiweka kitandani.

"Vaa, mwanangu. Watu wanatazama."

"Sijaona maiti, mama."

"Bahari hairudishi maiti kila mara. Baba yake Mihkel mwenyewe sikumzika."

"Basi nipe muda."

"Muda wa nini?" Sauti ya Leenu ilikuwa imechoka. "Unanitia aibu, Madli. Padri ataliweka jina la mwanangu kwenye sala ya marehemu baada ya Pasaka, halafu mkewe asimame kanisani na sketi nyekundu kama bibi harusi?"

Na kweli watu walitazama. Kisimani, Madli alisikia sauti ya mwanamke nyuma ya ukuta, bila kujua ni nani: "Mke hataki kuomboleza, shemeji anampasulia kuni. Jumlisha mwenyewe." Mwingine akacheka: "Na boti ilirudi nzima, shoga! Haina hata mkwaruzo!"

Damu ilimpanda kichwani. Kumbe shaka aliyokuwa akiibeba juu ya Jaak, wenzake walikuwa wameibeba juu yao wote wawili.

Aliondoka na ndoo tupu, moja kwa moja mpaka uani, ambako Jaak alikuwa anapasua kuni zisizohitajika na mtu.

"Nipeleke," akasema.

"Wapi?"

"Mahali ufa ulipofunguka. Nataka kupaona."

"Shemeji, barafu sasa hivi..."

"Tangu juzi inaganda. Kusti kavuka nayo leo kwenda kutega. Au wewe hutaki nipaone?"

Jaak alisimama na shoka mkononi, na Madli akajikuta analitazama lile shoka. Naye Jaak akaona analitazama. Akaliweka chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Kesho," akasema.

*

Walitoka asubuhi kweupe, upepo mwembamba wa kaskazini ukiwa mgongoni. Waliburuta boti kwa kamba mbili. Madli alikuwa na fimbo ndefu yenye ncha ya chuma, ya kupimia barafu, na hakuiachia.

"Tembea mbele, shemeji, hapo ndipo pagumu," Jaak alimwambia.

"Tangulia wewe."

"Mimi ni mzito. Nikitangulia mimi nitapavunja."

"Tangulia tu, Jaak."

Akatangulia. Mgongo wake ulikuwa umeinama. Kisiwa kilishuka nyuma yao kikawa mstari wa misonobari, kisha kikawa kama uzi. Jua lilipanda, na kadiri lilivyopanda barafu ilibadilika chini ya viatu vyao: kwanza ililia kavu, kisha ikawa na unyevu, kisha maji yakaanza kusimama juu yake katika vidimbwi vya bluu. Madli alihisi hewa shavuni. Upepo wa kaskazini ulikuwa umekufa. Kukawa kimya kidogo, kisha pumzi ya uvuguvugu ikaja kutoka upande wa pili.

Jaak alisimama. "Ni hapa."

"Hapa wapi?"

Alionyesha kwa mkono, popote pale. Kulikuwa na barafu mbele, nyuma na pande zote, na mbali kabisa mstari mweusi wa maji.

"Upepo siku hiyo ulitoka wapi, Jaak?"

"Ulikuwa... sikumbuki. Ukungu ule."

"Ulitoka kusini. Uliangusha banda la Kusti. Kama Mihkel alikuwa juu ya kipande, kipande kingemleta mpaka mlangoni kwangu."

Jaak aliigeukia boti, akaanza kukaza kamba iliyokwisha kukazwa.

"Umemuua?"

Neno hilo lilipotoka, Madli mwenyewe alishtuka kulisikia. Jaak aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akamtazama usoni.

"Mimi? Mihkel?"

"Nani mwingine? Umekuja na boti, umekuja na nguo yake, umekuja na uongo. Na kila mtu anajua ulichokuwa unakitaka tangu zamani."

"Siwezi kukuambia," Jaak akasema kwa sauti ndogo. "Niliapa."

"Uliapa kwa nani, kwa maiti?" Akaitupa kamba. "Narudi. Nitawaambia wote kanisani, mbele ya padri na mama yako, wakuhukumu."

"Shemeji, usiende peke yako. Upepo umegeuka. Shemeji!"

Hakumsikiliza. Alitembea kwa hasira, na hasira ikamfanya asahau kuipima njia kwa fimbo. Hakwenda mbali. Barafu haikulia wala haikuonya. Ilikunjika tu chini ya mguu kama mkate uliolowa, na bahari ikamshika mpaka kifuani. Baridi ile ilimtoa pumzi yote. Alitaka kupiga kelele, sauti haikuja. Fimbo ililala juu ya tundu, akaning'inia kwayo, na kila alipojaribu kupanda, ukingo ulimeguka.

Alimwona Jaak akiwa amesimama kando ya boti. Hakujua alisimama kwa muda gani. Kwake yeye ulikuwa muda wa kutosha kuwaza jambo moja tu: *sasa anachagua.* Hakuna aliyewaona. Ingesemwa kwamba barafu imemchukua na mke.

Kisha Jaak akalala kifudifudi, akaisukuma boti mbele yake huku akitambaa, mpaka pua ya boti ikaingia majini. Akanyoosha mkono.

Madli aliutazama mkono ule. Hata pale, meno yakigongana, aliutazama kwanza.

"Shika, Madli! Unangoja nini?"

Akaushika.

Alipokuwa ndani ya boti anatetemeka kama jani, Jaak alifungua kisanduku kilicho chini ya kiti cha nyuma, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye ngozi ya sili. Alisita. Halafu akamrushia.

"Vua hizo, vaa hii. Sitazami."

Ilikuwa sweta. Bluu, nyeupe, na mstari mwekundu uliopinda.

Madli aliivaa kwanza. Baridi haikumpa nafasi ya kufanya vingine. Kisha akasema, "Sema sasa. Sema yote, la sivyo narudi majini."

Jaak alimpa mgongo akashika kasia, akaanza kusukuma boti kuelekea nyumbani, kipande kwa kasia, kipande kwa kamba, na maneno yake yalitoka kwa jinsi ileile, vipande vipande.

"Alikuwa ameshapatana nao tangu mwaka jana. Watu wa kisiwa cha Ruhnu. Tuliwakuta kwenye ukingo wa barafu na boti yao kubwa, wanamngoja. Mimi sikujua kitu, naapa! Nilidhani wanatusalimu. Akawapa bunduki waishike, akavua sweta. Akasema huko aendako kuna jahazi la Walatvia, litapita bandari ya Riga, halafu mbali. Akasema sweta hii itasema ametoka kisiwa gani, kwa hiyo mrudishie aliyeifuma."

"Alisema hivyo? Mrudishie aliyeifuma?"

"Ndivyo alivyosema. Nikampiga ngumi. Akanipiga. Waruhnu wakacheka. Halafu wakaondoka." Alivuta pumzi. "Njiani nilianguka majini nikaivaa, sikuwa na kingine kikavu. Nilipoona umeiona, nikaificha."

"Kwa nini ulisema amekufa?"

"Alinilazimisha kuapa. Na mimi nikaona... Mjane ana mahali, Madli. Ana sketi yake, ana sala, watu wanamletea samaki. Baadaye anaolewa tena. Mke aliyeachwa ana nini? Si mke, si mjane."

"Na ukamwacha mama yako alie juu ya mtu aliye hai."

Jaak alipiga kasia kwa nguvu zaidi.

"Nani alikuambia unichagulie, Jaak?" Kisha: "Na huyo atakayeolewa tena, ulimwazia mume gani?"

Mgongo wa Jaak uliganda. Kasia likabaki hewani, linadondosha maji. Madli hakuuliza tena. Upepo wa kusini ulikuwa umeongezeka na barafu ilikuwa inanguruma pande zote, na wote wawili walishika kamba wakavuta.

*

Unaweza kudhani alimwamini baada ya hapo. Hakumwamini. Mtu aliyejenga ukuta mmoja mzuri hashindwi kujenga wa pili. Madli alimwambia Jaak afunge mdomo, na yeye akafunga wake, na Leenu alipouliza kwa nini nguo zimelowa akajibu kwamba alikanyaga vibaya. Sketi ya bluu iliendelea kulala kitandani.

Pasaka ilipita. Barafu iliondoka kwa siku moja tu. Watu walilala ikiwapo, wakaamka wakakuta mawimbi. Kusti alikuwa wa kwanza kutweka tanga kwenda Ruhnu kubadilishana mbegu na chumvi. Madli alikuwa ameshakaa ndani ya chombo chake, kikapu magotini, kabla mzee hajafika.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kuuliza mara mbili," Madli akasema.

Kusti alimtazama, akatazama mbingu, ambayo wakati ule ilikuwa safi upande mmoja na nyeusi upande mwingine. Akafungua kamba.

Huko Ruhnu watu wana lugha yao, lakini wanawake waliowahi kufanya biashara na Kihnu hushika maneno mawili matatu. Madli alitembea nyumba kwa nyumba. Waliomwelewa upesi ndio waliomjibu kwa kutikisa kichwa upesi, na hilo lilimwambia kwamba yuko njia sahihi. Katika nyumba ya mwisho alimkuta mwanamke mnene anayekanda unga, mikono myeupe mpaka viwikoni.

"Mtu wa Kihnu," Madli akasema. "Mrefu. Kidole hiki hana." Akakunja kidole cha kati.

Mwanamke akatabasamu. "Aa, Mikkel! Mtu mzuri. Mcheshi sana. Kanitengenezea mlango." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Kala hapa, kalala hapa, kaenda na jahazi. Mwenye bahati. Hana mama, hana mke, hana mtu wa kumlilia. Kaniambia mwenyewe." Akaacha kukanda. "Wewe dada yake?"

Madli aliutazama mlango. Ulikuwa umetengenezwa vizuri. Kwao bawaba ilikuwa imening'inia mwaka mzima mpaka Jaak alipoishika.

"Mimi ni mtu wa kumlilia," akasema.

Mwanamke yule alifikiri maneno hayo, akayaelewa, akajifuta mikono haraka. Alimvutia kiti na kumwekea viazi vya moto na maziwa. Madli alikula vyote, maana tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni. Alipomaliza ndipo akalia, na mwanamke wa watu akakaa naye, mkono wenye unga begani mwake, mpaka Kusti alipokuja kumwita kwamba upepo unafaa.

*

Leenu alikuwa anawangoja ufukweni. Madli alishuka kwenye maji ya magotini, akamshika mikono.

"Mama, Mihkel yu hai. Alikwenda Ruhnu, akapanda jahazi. Ametukimbia."

Leenu alikaa mchangani kama mtoto.

"Alikuwa amekula?"

"Alikula, mama. Alilala ndani. Alikuwa anacheka."

"Anacheka." Mama yule alianza kucheka naye, machozi yanamtoka, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Akasimama. "Jaak alijua?"

"Alijua."

Leenu alipita kijijini na uma wa mwani mkononi, na watu wakatoka milangoni kumwona. Jaak alikuwa kwenye mtaro wa shamba. Hakukimbia. Mama alimpiga kwa mpini mgongoni, tena na tena, anapaza sauti: "Mwezi mzima! Mwezi mzima nimemlilia, na wewe unanitazama!" Alipochoka akamkumbatia, kisha akakumbuka, akampiga tena.

Madli yeye alikwenda kwa padri. Alimkuta anapalilia vitunguu na akamwambia aliondoe jina la Mihkel kwenye sala ya marehemu. Padri alishtuka, akauliza kama ana hakika, na kama si bora jambo hili likae kimya kwa faida yake mwenyewe.

"Watu tayari wanasema, baba. Afadhali waseme la kweli."

Na walisema. Walisema majira yote ya kiangazi. Wengine walimhurumia, wengine walitafuta kosa lake, na wale wa kisimani wakadai walijua tangu mwanzo. Kusti pekee ndiye aliyekuja na samaki wabichi, akawaweka mezani, akasema, "Nilipaswa kukujibu siku ile," na akaondoka kabla hajajibiwa.

Jaak alikwenda bara kufanya kazi ya uvuvi, maana hakuweza kukaa nyumba moja na macho ya wanawake wale wawili. Leenu na Madli walipanda viazi, wakavuta nyavu na wengine, wakafuma. Baridi ilipokaribia, mtu kutoka bara alileta salamu: Jaak anauliza kama anaweza kurudi.

Leenu aliweka chini sindano zake. "Usinitazame mimi," akamwambia Madli. "Mimi ni mama yake, mimi nitasema ndiyo hata kama ameua. Sema wewe."

Madli alifuma mstari mzima kabla ya kujibu.

"Aje. Lakini atalala darini. Na siku atakayonidanganya tena, hata kuhusu mvua, atarudi bara kwa miguu."

"Bahari haijaganda bado."

"Nalijua hilo, mama," Madli akasema, na Leenu akacheka kwa mara ya kwanza tangu majira ya kuchipua.